Diski za Tatu na Diski za Nane

Rumaitha alikuwa ameshazoea kuficha. Kila asubuhi aliyakuza maandishi ya kompyuta mpaka mistari michache tu ikajaa kioo kizima, akaifanya rangi ya nyuma nyeusi na herufi za njano, akausogeza uso karibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Akisikia kandambili za Bakar ukumbini, upesi alirudi nyuma, akaegemea kiti, akajitia kutazama kwa raha zake.

Lilianza jicho la kulia. Kwanza ukungu, kisha taa za gari zikaota miale, kisha sura za watu ng'ambo ya barabara zikapotea, zikabaki nguo na mwendo. Sokoni Wete wakaanza kusema Bi Rumaitha siku hizi anaringa, anawapita watu bila ya kuwasalimia. Hakuwa akiringa. Alikuwa hawaoni. Na jicho la kushoto nalo lilikuwa linafuata, taratibu.

Hospitali hakwenda. Baba yake, marehemu Mzee Talal, alipofuka kwa presha ya macho, na Rumaitha alikuwepo siku daktari alipomwambia kwamba nuru iliyokwishapotea hairudi. Mzee aliyekuwa akipanda ngazi mbili mbili alirudi nyumbani siku ile kashikwa mkono. Rumaitha akajiwekea imani yake ya siri, kwamba maadamu hajaambiwa bado hayajamfika. Alijua ni upuuzi. Lakini kila Bakar alipotaja safari ya Chake Chake, yeye alipata udhuru.

Na udhuru mkubwa ulikuwa kazi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Rumaitha aliitumikia kampuni moja ya bima ya afya huko Maskati, akiitunza kompyuta kuu yake, ile mashine moja kubwa inayobeba shughuli za kampuni nzima usiku na mchana bila ya kuzimwa. Bakar, mumewe, mtu wa Kisiwa Panza, alikuwa akisomesha jiografia huko huko. Umri ulipowafika na joto likawachosha walirudi Wete kwenye nyumba ya kina Rumaitha. Bakar akashika mikarafuu, na Rumaitha akaendelea na kazi ile ile kwa mtandao, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Kampuni ilikubali kwa sababu watu wanaoijua mashine ya namna ile wamekuwa adimu. Aliyempigania ni Nabhan, mkuu wa idara, ambaye Rumaitha alimfunza kazi tangu hajaota ndevu. Bibi yake Nabhan alitoka Wingwi, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha bibi huyo, hakuna siku aliyokisoma darasani.

Mwaka huu ikaja kazi ya kuhama. Kabati la diski za zamani lilikuwa limechakaa, na jipya limeshafungwa pembeni yake. Taarifa za wateja zilikwishahamishwa. Vilibaki vitu viwili vya mashine yenyewe, ambavyo mashine haiwezi kukaa bila ya kuvigusa hata kwa kufumba na kufumbua: eneo la kurasa, na spuli. Vyote viwili vilikuwa vimetapakaa kwenye diski ndogo ndogo nyingi. Sasa vilitakiwa vihamie kwenye diski chache kubwa, huku kazi zinaendelea kama kawaida.

Ilipangwa Jumamosi, siku ambayo ofisi za Maskati zimefungwa na mashine haina shughuli nyingi. Nabhan siku hiyo alikuwa njiani kwenda Salala kwenye harusi, jangwani ambako simu haishiki kwa saa nyingi. Alitaka kuahirisha. Rumaitha akamwambia aende zake, kazi yenyewe ameifanya mara ngapi, haitaki watu wawili.

Asubuhi ile Bakar aliingia na birika la chai na sahani ya mkate wa kumimina. Alikuwa ameshaanika karafuu zake kwenye majamvi mbele ya nyumba, na harufu yake ilikuja naye mpaka ndani.

"Leo ndiyo wahama?" aliuliza.

"Ndiyo leo."

"Hizo kurasa zenyewe n'nini, Mama Yumna? Kila siku nasikia kurasa, kurasa."

Rumaitha alicheka. "Jikoni kwetu si padogo? Sufuria ambazo sizitumii kila siku nazipandisha darini. Nikizihitaji nazishusha, na nyengine nazipandisha. Mashine nayo ndivyo. Kisichotakiwa sasa hivi inakitoa kwenye kumbukumbu yake inakiweka diskini, kikihitajika inakirudisha. Leo naijengea dari kubwa, kisha lile bovu nalibomoa."

"Na spuli?"

"Spuli ni baraza. Kila kazi inayoingia na kila jibu linalotoka linakaa hapo kungojea zamu yake. Baraza likijaa, hapiti mtu."

Bakar akammiminia chai. Kikombe alikiweka mkononi mwake, hakukiweka mezani kama zamani. Rumaitha alilitambua hilo, akageukia kioo.

Kurasa zilikwenda vizuri. Aliziingiza diski mpya, akaiachia mashine muda, kisha akaanza kuzitoa za zamani moja moja. Kila alipotoa moja, mashine ilikusanya kilichokuwemo na kukihamishia kwenye zile kubwa, hata mtumiaji mmoja asihisi kitu. Amri hizi Rumaitha aliziandika kwa kichwa, vidole vyake vinazijua. Alipomaliza ya mwisho aliona raha kifuani. Akajiambia kwamba bado yumo, bado ni yeye.

Spuli ilikuwa na namna nyengine. Diski zote zinajitokeza kwenye kioo kwa safu, jina chini ya jina, za zamani na mpya zimechanganyika, na pembeni ya kila jina pana nafasi ya kuandika herufi moja. Ukiandika P, diski ile inafungiwa: haipokei kitu kipya, inabaki kutoa kilichomo mpaka iwe tupu, na mbele yake linatokea neno kwamba inatoka. Majina aliyatoa yeye mwenyewe mwaka uliopita. Za zamani zote zilianza na SPL3, na mpya zikaanza na SPL8, ili mtu asichanganye. Wakati ule tatu na nane kwake zilikuwa mbalimbali kama mchana na usiku.

Aliziamsha zile za nane zikawa tayari kupokea. Kisha akateremka kwenye safu, uso unakaribia kugusa kioo, akaandika P pembeni ya kila tatu aliyoiona. Aliacha diski moja tu ndogo ya zamani mwisho wa safu, kwa hadhari, mpaka ahakikishe mpya zinafanya kazi. Akabonyeza, akaegemea kiti, akanywa chai iliyokwishapoa.

Simu ililia kabla hajamaliza kikombe. Alikuwa Samah, msimamizi wa dawati la wateja Maskati, ambaye kazi yake ni kuzijibu hospitali zinazoomba idhini ya matibabu.

"Sabalkheri, Bi Rumaitha. Samahani nakusumbua. Idhini zimesimama."

"Zimesimama vipi?"

"Hospitali zinatuma, sisi hatupokei. Mwanzo zilichelewa, sasa haziji kabisa. Hapa simu zote zinalia."

"Nipe dakika, binti yangu."

Akatazama safu. Za nane, kwa alivyoamini yeye, zilikuwa zinapokea. Za tatu zilikuwa zinatoka. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini mashine ilikuwa inatoa onyo juu ya onyo, mistari myekundu, na hata bila ya kuisoma Rumaitha aliijua kwa urefu wake: spuli imejaa. Inajaaje, na diski kubwa zote zile ziko wazi? Akakuza maandishi zaidi. Herufi zikavimba, zikalowana kama wino kwenye karatasi iliyoingia maji. Akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. Akabadilisha.

Samah akapiga tena, safari hii sauti yake imepanda. "Bi Rumaitha, kuna mama yuko hospitali na mtoto anayetakiwa kuingizwa chumba cha upasuaji. Wanasema bila ya idhini hawaanzi. Niwaambie nini?"

"Waambie..." Rumaitha alikisogelea tena kioo. "Waambie inakuja."

Alimjaribu Nabhan mara mbili. Simu haikushika.

Nje upepo uligeuka, na matone ya mwanzo yakagonga bati. Alimsikia Bakar akikimbilia majamvini, anazikusanya karafuu kwa mikono miwili. Karafuu zilizoanikwa zikipata mvua huharibika, na hizo zilikuwa za siku ya tatu juani, zimebakia kidogo tu. Rumaitha aliyajua yote hayo. Alikaa na mikono juu ya meza, anajisikia kama mtu aliyesimama ukingoni anataka kuruka maji.

"Baba Yumna!" aliita. "Bakar! Njoo!"

"Mvua, mke wangu! Nakuja!"

"Njoo sasa hivi! Nakuomba!"

Bakar alitokea mlangoni maji yanamchuruzika usoni, karafuu zimemganda viganjani. Akaona uso wa mkewe, hakuuliza habari ya mvua tena.

"Nisomee," Rumaitha alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Siioni. Nisomee kilichoandikwa hapa."

Bakar akajifuta mikono kwenye shati, akatoa miwani mfukoni, akavuta kiti akakaa karibu yake, bega kwa bega.

"Wapi?"

"Hii safu. Kuanzia juu. Jina, kisha neno lililo mbele yake."

Akaanza kusoma, kwa sauti ile ile ya darasani, herufi moja moja. "S, P, L, tatu, sifuri, moja. Inatoka. S, P, L, tatu, sifuri, mbili. Inatoka." Akaenda hivyo, kidole kinateremka kiooni kinaacha alama ya maji. Rumaitha alikuwa anahesabu kimya kimya. "S, P, L, nane, sifuri, moja. Inatoka."

"Rudia hapo."

"Nane, sifuri, moja. Inatoka."

"Nane?"

"Nane, mke wangu. Na hii inayofuata nane pia. Nayo inatoka. Na hii."

Rumaitha akafunika mdomo kwa mkono. Alikuwa amezifungia zote, za zamani na mpya, na mashine nzima ya kampuni ilikuwa inajaribu kupita kwenye ile diski moja ndogo aliyoiacha mwisho.

"Weka kidole chako kwenye nane ya mwanzo," alisema. "Usikiondoe."

Akafuata kidole cha mumewe, akaandika S, herufi ya kufungua, pembeni yake. Kidole kikashuka, naye akaandika tena. Walikwenda hivyo mpaka nane zikaisha, akabonyeza.

"Sasa soma."

"Nane, sifuri, moja. Iko tayari. Nane, sifuri, mbili. Iko tayari." Bakar akageuka. "Ile mistari myekundu imekatika."

Simu ikalia. Samah alikuwa anacheka na huku anashukuru. Idhini zilikuwa zinamiminika, na ya yule mtoto imepita katika za mwanzo. "Alhamdulillahi, Bi Rumaitha! Ilikuwa nini lakini?"

Rumaitha alimtazama Bakar, au pale alipojua uso wake upo. "Mambo ya diski," alisema. "Yamekwisha."

Alipokata simu, mvua ilikuwa ikinguruma kwenye bati.

"Tangu lini?" Bakar aliuliza.

"Tangu Ramadhani. Kabla yake kidogo."

"Miye nilijua. Sikujua kama imefika hapa, lakini nilijua. Wapitisha mkono ukutani ukenda msalani. Chai wamimina kidole kimo ndani ya kikombe."

"Mbona hukusema?"

"Nikikutajia daktari wakimbia. Nikasema nikikubana sana utanificha zaidi." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Weye wadhani miye n'takuona vipi, yakhe? Kwamba hunifai tena?"

Hapo Rumaitha akalia. Alilia kama hajalia tangu mazishi ya baba yake, na Bakar alimwachia alie, mkono wake wenye harufu ya karafuu mgongoni pake. Baadaye kidogo walisikia sauti barabarani. Bi Kijakazi, jirani yao wa nyumba ya tatu, alikuwa ameziona karafuu zinaroa akatoka na kanga yake kichwani kuziokoa. Jamvi moja zima lilikuwa limeshapotea. Mengine aliyakunja akayasukumia barazani, huku anamtukana Bakar kwa jina kwamba ni mvivu.

Nabhan alipiga simu baada ya Alasiri, kutoka kituo cha mafuta. Maonyo yote yalikuwa yamemfikia kwa mkupuo pale simu iliposhika. "Naona spuli ilijaa. Kisha ikapona. Diski mpya zina walakini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angesema ndiyo, zina walakini, na Nabhan angeandika barua kwa waliozileta, na mambo yangeishia hapo. Bakar alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile.

"Diski hazina neno," Rumaitha alisema. "Ni miye. Nilizifungia za nane nikidhani ni za tatu. Macho yangu mabovu, Nabhan. Siku nyingi sasa. Bakar ndiye aliyenisomea."

"Uliniambia niende harusini," Nabhan alisema.

"Nilikwambia."

"Mtoto wa watu alikuwa anangojea kupasuliwa, Bi Rumaitha."

"Najua. Samah kaniambia jina lake. Sitalisahau."

Nabhan akavuta pumzi. "N'takuwa sisemi kweli nikisema sikukasirika. Ungeniambia, ningekaa. Harusi zipo kila mwezi." Kisha sauti yake ikalegea. "Jumatatu n'takuondolea ruhusa ya kuandika amri. Lazima. Na ripoti n'taiandika kama ilivyo. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Ndivyo nilivyokufunza."

"Daktari umemwona?"

"Bado."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Spuli haikimbii. Za zamani ziache zimwage zilichonacho. Ukirudi, weye utasema na miye n'taandika."

Jumatatu hiyo Bakar alimpeleka kliniki ya macho Chake Chake. Rumaitha aliingia, na kwa saa nzima alitiwa dawa, akamulikwa, akapimwa. Daktari, Bi Kauthar, mwanamke mpole mwenye kusema polepole, aliwakalisha wote wawili akawaeleza bila ya kuzungusha. Macho mawili yana ugonjwa tofauti. La kulia ni presha ya macho, kama ya baba yake, na sehemu kubwa ya nuru ya jicho hilo imekwenda. La kushoto ni mtoto wa jicho. Hilo linapasulika.

"Ungekuja mwanzo wa mwaka, tungeliokoa la kulia," Bi Kauthar alisema. "Sikwambii ili ujute. Nakwambia ili dawa hizi za matone usiache hata siku moja, kwa sababu la kushoto nalo linataka kulindwa."

Rumaitha alingojea ile hofu ya miaka yote imwangukie. Ilikuja, lakini haikuwa kubwa kama alivyoilea. Jicho moja lilikuwa limeondoka, na jengine lilikuwa na siku yake ya kupasuliwa. Alimshika Bakar mkono wakatoka, na njiani hakujali nani anawatazama.

Walimaliza kazi Jumamosi mbili baadaye, kabla ya upasuaji. Nabhan alikaa ofisini Maskati na Rumaitha kwenye chumba chake, amefumba macho kabisa, simu imewekwa mezani kwa sauti kubwa. Nabhan alisoma, Rumaitha akasema, Nabhan akaandika. Diski za zamani karibu zote zilikuwa tupu zimeshajiondoa zenyewe. Moja ilikuwa imekataa.

"Ina kitu kimoja tu ndani yake," Nabhan alisema. "Ripoti ya mtu wa uhasibu, imezuiliwa isitoke, hata sijui tangu lini. Naifuta."

"Usifute. Mpigie mwenyewe."

"Jumamosi hii?"

"Mpigie. Chake hicho, si chetu."

Nabhan alinung'unika, akapiga. Akarudi kwenye simu anacheka. Mwenyewe alikuwa ameitafuta ripoti ile kwa wiki nzima, akidhani haikuwahi kutengenezwa. Wakaiachia ikatoka, na diski ya mwisho ikawa tupu.

"Bi Rumaitha," Nabhan alisema, "kuna vijana wawili wanaanza mwezi ujao. Nataka uwafunze hivi hivi, kwa sauti. Wao wasome, weye useme. Utaweza?"

Rumaitha alifikiria jinsi atakavyokaa kila siku akiwasikiliza wengine wakifanya kwa vidole vyao kile ambacho vidole vyake vilikifanya nusu ya umri wake, na ilimuuma, hakujidanganya. Akafikiria pia kwamba kuna mambo ya mashine ile ambayo hakuyaandika popote, na angetaka yabaki kwa watu.

"Wawe wavumilivu," alisema. "Miye ni mkali."

"Miye sijasahau," Nabhan alisema.

Waliagana. Bakar aliingia na kile kichupa kidogo cha dawa, akamwinua uso taratibu kwa vidole viwili chini ya kidevu, akaangusha tone la kwanza kwenye jicho la kulia na la pili kwenye la kushoto.

"Usipepese," alisema.

Rumaitha akajizuia, mpaka dawa ikatulia ndani ya macho.